Bisibisi Sikioni

Nasikiliza kwa bisibisi.
Ncha yake kwenye kifuniko cha tapeti,
mpini wake wa mbao nimeubana sikioni,
na mkono wa kushoto nawanyamazisha watu:
yakhe, tulieni kidogo,
ng'ombe anasema.

Jina hilo alimpa baba,
Shaame Mbwana, dereva wa Scania ya mzee Khelef
tangu barabara ya Konde ilipokuwa vumbi na mawe.
Si kwa sababu anavuta, alisema.
Ni kwa sababu lazima ale kabla hujala wewe.

Silinda ya kwanza, sawa.
Ya pili ina kikohozi chake cha asubuhi.
Ya tatu na ya nne kama wanawake wanaotwanga kinu kimoja
bila kugonganisha michi.
Ya tano
narudia ya tano.

Mzee Khelef kasimama, funguo zinamlia mkononi.
Meli imeshusha saruji Mkoani tangu alfajiri,
mifuko mia sita, na kile kilima cha kutokea bandarini
hakijawahi kumwonea mtu huruma.
"Kaza ile skrubu ya pampu, Mize.
Mzidishie mafuta. Nataka nguvu."

Lo, nguvu!
Ukimzidishia mafuta na pumzi ni ile ile
atatapika moshi mweusi mpaka kwenye nguo za watu kambani,
joto lipande, hedi ipindike
kama sinia la bati lililosahauliwa motoni,
na kilima kitabaki palepale.
Mbio ni kitu kimoja, mzee. Kuvuta ni kingine.
Kuvuta ni msokoto wa chini, wa polepole,
sindano imesimama elfu moja na mia tatu,
gia ya pili, mguu mwepesi,
mzigo wote umemkalia mgongoni
naye hatweti, ananguruma tu
kama mtu anayesoma nyiradi kwa ndani.

Nikafungua filta ya hewa mbele ya macho yake.
Nikaigonga chini mara tatu:
vumbi la kifusi, unyoya wa kuku,
na vikonyo vya karafuu vya msimu uliopita,
bado vinanukia.
"Huyu hana njaa. Huyu hapumui."

Kisha nozeli ya tano. Ilikuwa inakojoa badala ya kupuliza.
Nikaweka nyingine, nikalegeza nati,
nikapiga pampu ya mkono:
povu,
povu,
povu,
halafu uzi mmoja safi wa dizeli, hauna hata tone la hewa.

Daftari la baba liko chini ya kiti, limefungwa kwa mpira wa tairi.
*Oili, lita thelathini na tano. Mize kazaliwa.*
*Nimebadilisha fani belti. Mize ana surua.*
*Nimepima tapeti. Mamaake Mize kafariki usiku.*
Mstari unaofuata:
*Filta ya mafuta, mbili.*
Nami nikaandika chini yake, kwa peni ileile inayovuja:
*Nozeli ya tano. Mifuko mia tatu, safari mbili. Mzee kanuna.*

Tulipanda.
Kombo alikuwa kwenye usukani, mimi pembeni na dumu la maji
ambalo halikuhitajika.
Moshi ulikuwa mwembamba, rangi ya jivu la ubani.
Kule juu wapo vijana waliokuwa wakingoja tukwame
wapate kulipwa kusukuma;
wakatutazama kwa uchungu kidogo.

Tulipofika Mtambile, baba alikuwa barazani.
Sikio la kushoto injini ilimla zamani,
la kulia linasikia adhana tu, tena ya karibu.
Hakugeuka tulipopiga honi.
Aliweka kiganja chake juu ya sakafu ya saruji,
akakiacha pale mpaka tela nzima ikapita,
kisha akanyanyua vidole viwili.

Ya pili.
Najua, baba. Najua.
Hata saa hii ya adhuhuri bado anakohoa.
Nikatoa daftari.