Jeti Ndogo

Barua inasema Njombe.
Inasema nijibu kabla ya Ijumaa, ndiyo au hapana,
mtaalamu wa maabara, daraja la pili,
nyumba ipo, posho ya mizigo ipo.
Haisemi barabara zake zikoje.

Nami nchi naipima kwa kona.
Mnisamehe. Wengine hupima kwa shule, kwa bei ya mchele;
mimi huuliza: ukitoka hapo Jumamosi alfajiri, tangi limejaa,
unaelekea wapi,
na unarudi na tabasamu au na changarawe mdomoni?

Hapa najua.
Natoka Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
ambako baiskeli ni nyingi kuliko sababu za kutoka,
nashika njia ya Pangani, mkonge umejipanga huku na huku
kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha.
Au Muheza, kisha juu, Amani:
machungwa yanaisha, ubaridi unaanza,
gia ya pili, ya kwanza, ya pili,
tope jekundu linashika tairi kama mdai.
Nimeanguka pale mara nne.
Mara ya nne mama mmoja mwenye kikapu cha iliki
alinitazama nikihangaika kuinua chuma changu, akauliza,
"Mpaka Kisiwani shilingi ngapi?"
Nikampakia. Hela sikuchukua.
Iliki nilichukua.

Ni Honda ya zamani, tangi jekundu limechujuka.
Niliinunua kwa mpima ardhi wa shamba la mkonge
siku aliyostaafu; alilia kidogo, akahesabu hela mara mbili.
Chumvi ya hapa inaila, si siri.
Nasugua mnyororo kwa dizeli na mswaki mkuukuu,
na bado asubuhi naukuta na rangi ya chai iliyolala.

Mligo, tuliyesoma naye, anapiga simu kutoka huko.
"Kutu huku ni hadithi tu. Kona? Shuka Ludewa uniambie.
Panda Makete: ukungu unakuachia mita tano za kuona,
nazo kwa kukukopesha.
Ila asubuhi haiwaki. Usiku tunaifunika blanketi
kama mgonjwa wa homa.
Na vidole, dada, vidole utavisahau kwenye klachi."
Akacheka. Kisha akanyamaza,
kimya cha mtu anayeendesha peke yake.

Mama hakuuliza mshahara.
Aliuliza, "Huko ndimu zipo?"
Nikasema sijui.
Akaendelea kukuna nazi, kwa nguvu kidogo.

Mji huu una msemo wa wageni: waja leo, waondoka leo.
Mzaliwa je? Hakuna aliyemtungia wake.

Nimejaribu hesabu nyuma ya bahasha.
Kushoto: joto, chumvi, mama, kona nizijuazo hata usingizini.
Kulia: baridi, cheo, Mligo, kona nisizozijua.
Kona zimetokea pande zote mbili.
Bahasha nimefungia maandazi.

Jana nikampelekea fundi Singano kabureta.
Nilisema tu, ioshe.
Akaipuliza, akaiinua kwenye mwanga, jicho moja kalifumba.
"Kule juu hewa haba," akasema,
na mimi sikuwa nimetaja kule kokote.
"Hii itakunywa petroli mpaka ilewe. Utataka jeti ndogo."
Akachakura kwenye kopo la maziwa lililojaa skrubu,
akatoa kipande cha shaba, mfano wa punje ya hindi,
akakiviringisha kwenye gazeti.
"Bei?"
"Utalipa ukija likizo."

Sijaifunga. Ile ya zamani bado imo.

Leo Jumatano nimefika Kigombe, nimezima injini
kando ya kibanda cha vocha, muuzaji kasinzia.
Mfukoni jeti inagonga funguo za nyumba
kila nikijigeuza,
kasauti kembamba,
nikiwasha tu sitakasikia tena.
Bado sijawasha.