Doa

Aibu ya maiti aijuaye mwosha.
Wa kwetu hakuosha maiti,
alifua mashuka.

Mwanakheri binti Mbaruku, dobi wa Chumbageni,
bibi wa bibi yangu,
vidole vimechubuliwa na magadi,
alihesabu nguo za Wazungu kwa mafundo kwenye ukili:
fundo moja shati, mawili shuka.
Herufi hakuzijua. Doa alilisoma.
Hili la mvinyo, hili la wino,
hili la mwanamke asiyetajwa,
hili la mtu anayelia usingizini.

Mwaka ule reli ilikuwa haijafika Muheza.
Akashushwa Tanga mtoto wa mfalme,
wa tatu kuzaliwa, wa kwanza kufichwa,
pamoja na daktari wa kwao na masanduku kumi na moja.
Ikasemwa amekuja kuwinda.
Bunduki haikutoka sandukuni.

Mpishi wao, Mgoa aitwaye Kayetano,
aliyeijua lugha yao nusunusu,
aliinong'ona nusu hiyo jikoni:
kule kwao, katika jumba la madirisha mia tatu,
mke wa kaka mtu alijifungua mrithi
mwenye sikio la shemeji.
Sikio tu. Ncha yake imemeguka
kama jani lililoonjwa na panzi.
Mchoraji akaamriwa azishushe nywele za mtoto.
Yaya aliyemwogesha akaokotwa mtoni,
na ukoo mzima ukaenda kanisani
ukaimba vizuri sana.

Usiku wa tisa, mashuka sita.

Mwanakheri aliyatandaza uani kabla ya jua.
Homa aliijua: jasho, na umanjano wa kwinini.
Haya yalinuka kitunguu saumu,
na Kayetano aliapa kwa mama yake
hajamenya hata punje moja tangu wageni waje.

Simu ikaenda Ulaya: homa, na amekufa kishujaa.
Huko kengele zikalia.
Hapa daktari alimwita dobi nyuma ya banda,
akamhesabia rupia saba,
akamwonyesha kiberiti.

Alichoma matano.

Kwa nini, sijui. Bibi naye hajui.
Husema labda alichoka kuona watu wanafutwa.
Mimi nadhani kilikuwa kitambaa kizuri mno.
Alilichemsha mara arobaini, akalichana,
na vizazi vya Ngamiani vikafungwa nepi ya kifalme,
vikaikojolea bila adabu.
Kipande cha mwisho, pembe yenye taji la kutarizi,
bibi huchujia tui.

Juzi, Barabara ya Kumi na Nne,
akabisha hodi mama mmoja mwenye glavu nyeupe
na Kiswahili cha kusomea.
Anatafuta, alisema, chochote kilichobaki
cha babu yake mdogo, aliyefia hapa kwa homa.
Joto lilimzidi. Akazifunga nywele juu.

Babu mdogo, alisema.
Sikio likasema vingine.

Nilimtazama bibi. Bibi alikuwa ameshaliona.
Hakusema neno, akaingia jikoni,
akarudi na kitambaa kinachodondosha tui sakafuni,
taji limelegea nyuzi,
limekuwa kama buibui aliyekanyagwa.

"Kiasi gani?" mgeni akauliza, mkoba wazi.
"Rupia saba."
"Rupia hazipo tena, mama."
"Basi," bibi akasema, "na mimi sina chenji."

Nikamsimulia yote, mashuka, kiberiti, kitunguu saumu.
Yaya sikumsahau, ingawa jina lake halikufika Tanga.
Alinisikiliza akishika sikio lake
kama mtu aliyepoteza hereni.
Kisha akavua glavu,
akakisogeza kitambaa puani, muda mrefu.

"Kinanuka nini?" nikamuuliza.

"Nazi," akasema. Akarudia kukinusa.
"Nazi tu."

Bibi akanyoosha mkono adai chujio lake,
maana wali ulikuwa bado.