Hukata Mbele na Nyuma

Port Alberni, mvua ya Novemba juu ya bati la banda.
Msumeno wa injini, wa mwaka sitini na tatu,
nimeununua kwa mjane Gunhild: dola kumi na tano
na ahadi ya kuni.

Kabureta imeziba kwa petroli iliyooza,
pistoni imeng'ang'ania silinda kama mdai mlangoni.
Mafuta ya taa, siku tisa. Nyundo ya mpira.

Tundu la moshi nimelipanua kwa tupa,
kinyume cha kitabu.
Rangi sikuigusa: pale mpinini
kiganja cha Torvald kilikula wekundu wote.

Leo nimevuta kamba mara kumi na moja.
Ya kumi na mbili ukanguruma,
na ng'ambo ya ua Gunhild akafungua dirisha,
akaita jina lisilo langu.

Nikazima.
Kisha, sijui kwa nini, nikavuta tena.