Sanduku la Usharika

Umeme ulirudi saa nane usiku, hapa Rau.
Friji ikashtuka, ikakohoa, ikatulia.
Chini ya kabati la vyombo, laptopu ya baba
(betri yake ilikufa mwaka mmoja naye)
ikaamka nayo. Taa ya kijani.
Nikasema haya, tumepona, nikalala.

Saa kumi na moja Eliaichi ananiandikia toka Muskati:
Kaka, nyumba haifunguki.
Nyumba, ndivyo anavyoiita. Ni mafaili tu:
bibi akihesabu kwa Kichaga, sauti ikikatika,
daftari la zamu za mfongo tangu themanini na tatu,
picha ya ng'ombe aliyeitwa Waziri.

Nikaketi sakafuni na chai ya jana.
Jina letu lipo. Nililiuliza kwa simu
likajibu upesi, kama mtoto aliyekariri,
likataja namba niliyoiandika kwa mkono mwezi wa nne,
ambayo kwa bahati haikuwahi kuhama
hadi usiku huu. Sasa huenda ni ya duka la dawa Kiborloni.

Nikafungua kumbukumbu za kile kijiprogramu
ninachokituma kila dakika tano kikatangaze tulipo.
Tangu saa nane, mistari thelathini na sita:
hakuna kilichobadilika,
hakuna kilichobadilika.
Hakikudanganya. Kilikuwa kinachungulia ndani,
kinaona kitanda kile kile, ukuta ule ule,
moja tisa mbili, moja sita nane,
namba ya chumbani, isiyovuka kizingiti.
Nikakifundisha: usiulize ukuta.
Toka nje, umuulize mpita njia
anakuona unatokea wapi.

Mpita njia akataja namba.
Ruta, kwenye ukurasa wake, ikataja nyingine,
inayoanza na mia moja.
Nikazifuata kwa kidole, mara tatu.

Sisi hatukuwa na sanduku la posta. Mtaa mzima.
Tulikuwa na la usharika, moja, kaya mia na kitu.
Kutuma hakukuwa kazi: stempu, mate, mjini.
Kupokea ndiko kulikokuwa na mtu katikati.
Karani Ndetaulwa, baada ya ibada, kwenye ngazi,
akiita majina; na bahasha isiyo na jina la mtu
akiirudisha mfukoni bila kinyongo.
Baba alingoja barua ya kazi ya Tanga miezi minne.
Ilikuwa imeandikwa namba ya sanduku tu.

Kimya kimya, gizani, kampuni imetuhamishia usharika.
Lango nililolitoboa kwenye ruta
linatazamana na ukuta wa watu.
Ningelitangaza jina letu hata kila sekunde,
lingewaleta wageni hadi kwenye zile ngazi,
na Ndetaulwa hayupo.

Saa mbili nikawapigia. Dada wa huduma, mpole kweli:
anwani ya peke yako, kaka, ni kifurushi cha biashara.
Akanitajia bei. Nikaigeuza kuwa madebe ya mahindi,
nikamshukuru.

Basi, kutuma hakujawahi kuwa kazi.
Nikapanga kijimashine ng'ambo, elfu kumi na mbili kwa mwezi,
chenye namba isiyohama, nikalipeleka jina letu huko,
na laptopu ya baba nikaiambia: usingoje kuitwa.
Piga wewe. Ukishapokelewa, usikate.

Saa nne kasoro, Muskati:
Imefunguka!! Kwani Waziri alikuwa na pembe moja?

Alikuwa nazo mbili. Picha ndiyo iliyokatwa.
Naanza kumwandikia hivyo, umeme unakatika.
Sawa. Nakaa hapa hapa sakafuni, naitazama
taa isiyowaka. Nataka kuona
ukirudi, kama itapiga yenyewe.