Chozi wa Katuba

Alijigonga kwenye kioo cha zahanati, Jumanne.
Masengo muuguzi akamfunga ndani ya glavu
akamlaza kwenye friji, kati ya chanjo na maziwa ya mtu.
Jumamosi tukamkuta mezani, chumba cha nyuma cha makumbusho,
mdomo umepinda kama sindano ya kushonea magodoro.
Gramu tisa. Vifungo vinne vya koti.

Tulikuwa sita, watu wazima, wenye miwani na madeni.
Mzee Kabwit, aliyewahi kugeuza njia za reli,
alipewa bundi, akaomba abadilishiwe.
"Huyo simgusi. Nina wajukuu."
Hakuna aliyecheka. Akapewa panya wa shambani.

Kwanza mchoreni, alisema mwalimu Nkulu,
kabla ya kisu, kabla rangi haijasahau.
Mimi sijui kuchora. Najua chaki na gauni.
Nikamtandaza karatasini kama mteja:
kifua, mgongo, mikono miwili, upindo wa mkia,
nikaacha hata sentimita ya mshono kila upande.
Mwalimu akainama, akakaa kimya,
kisha akasema: bawa hilo lingeruka.

Shingo ilikuwa kijani. Nikageuza taa, ikawa zambarau.
Nikageuza tena: nyeusi tupu,
kama mavi ya mukuba kwenye kilima cha kiwanda.
Hiyo si rangi, akasema, ni mwanga unaovunjika juu ya unyoya.
Nikanyamaza. Kitambaa cha namna hiyo nimekiuza miaka arobaini;
wanawake hukitoa mlangoni, juani, hukigeuza-geuza,
hubishana ni rangi gani, hawaafikiani,
na hununua.

Kisha kisu, toka kidarini kushuka.
Tukanyunyiza unga wa mahindi, ule ule wa bukari,
unywe unyevu, manyoya yasilowe.
Niliona haya kidogo. Wiki ile kipimo kilikuwa kimepanda tena.
Ngozi ikavuka kichwa kama soksi ya mtoto mchanga,
nyembamba kuliko bitana yoyote niliyowahi kukata.
Boraksi ndani. Pamba badala ya mwili.
Pamba badala ya macho.

Nikainama karibu, nikaanza kushona.
Masengo akanichungulia usoni:
"Mama, ni chozi?"
Ni chozi, nikamjibu. Huyu, si lile.

Mama alinifunza, cherehani ya mkono katikati yetu:
nguo haipimwi usoni. Igeuze.
Upande wa ndani ndiko fundi anakoishi.
Lakini hapa mishono yangu kumi na mmoja
imelala chini ya manyoya, hakuna atakayeigeuza
ila nondo, labda, na nondo hana la kusifu.

Mwisho lebo. Bila lebo, alisema Nkulu,
huyu ni uchafu mzuri tu.
Kikaratasi cha upana wa kidole, uzi mguuni,
wino usioogopa maji.
Mahali: Lubumbashi, Katuba.
Jinsia: dume.
Amekufaje: kioo.
Aliyeandaa:

Mkono ukasimama.
Kibao cha duka letu kina jina la marehemu mume wangu,
ambaye hakuwahi kutunga uzi kwenye sindano.
Nguo zangu zimeoa na kuolewa Katuba nzima,
zimebatizwa, zimezikwa,
zimepanda malori kwenda Kolwezi na Ndola,
na hakuna hata moja inayojua naitwa nani.

Nikaandika kwa herufi za shule ya msingi, nene,
moja moja, ulimi nje:
Ngosa Mwilam
na karatasi ikaisha.

Nikatafuta kifutio.
"Wino huo haufutiki," akasema mwalimu.
"Igeuze, mama. Endelea upande wa nyuma."