Maziwa Hayafiki

Mama hakujua kilomita.
Umbali wa Dodoma na Dar es Salaam
aliupima kwa kinachofika kizima.
Mlenda mkavu unafika.
Karanga zinafika, na ubuyu, na salamu.
Zabibu zinafika zikichumwa kabla hazijaiva sawasawa,
zikipata konda asiyezionja njiani.
Maziwa hayafiki.
Maziwa, alisema, yanaganda Morogoro.

Simu ililia saa tisa usiku.
Ndahani akaenda Mbezi kuwahi basi la kumi na mbili.
Mimi nina kazi nzuri. Nilipanda ndege.

Dakika hamsini na tano.
Mkanda, tangazo, korosho kumi na moja kwenye kipakiti
(nilizihesabu, sijui kwa nini),
wingu moja refu, kisha vilima vya mawe,
mizabibu mistari mistari kama daftari la mtoto,
na magurudumu yakagonga Dodoma
nikiwa bado namchagulia Mama zawadi.
Nasema kweli. Nilikuwa nawaza kitenge:
kile cha kijani, au chenye picha za kanga?

Saa moja haimtoshi mtu kuwa yatima.

Handali walinipokea kwa kilio
nami nikasimama mchangani na begi langu la magurudumu,
jicho kavu kama korongo la Agosti.
Shangazi Nyendo alisema kitu kwa Kigogo.
Nilikielewa vizuri sana,
nikajifanya Dar imenisahaulisha.
Jikoni, juu ya kinu, kifurushi cha mlenda
kimefungwa kwa kamba ya katani,
jina langu limeandikwa kwa mkaa,
kinangoja basi la Ijumaa.
Nikakitazama kama mzigo wa mtu mwingine.

Saa hiyo Ndahani alikuwa anaikaribia Dumila.
Barabara ilikuwa inamfundisha taratibu,
neno moja kwa kila kituo.
Mlandizi hakuamini.
Chalinze alinunua yai la kuchemsha, akalishika tu
mpaka likapoa mkononi.
Morogoro, pale maziwa yanapoganda, naye aliganda:
abiria wote wakashuka, yeye akabaki kitini.
Kisha vile vijiji vya vibao,
hamsini, hamsini, hamsini,
dereva anatambaa kwa kuogopa tochi,
na kila tuta likamtikisa kidogo
mpaka kilichokuwa ndani kikamwagika.
Mwanamke wa siti ya pili akampa ncha ya khanga ajifute
wala hakumuuliza kitu.
Gairo alishuka, akagombana bei ya vitunguu,
madebe mawili,
maana msiba una watu, na watu wanakula.
Walipofika Kibaigwa
alikuwa ameshamzika mara moja.

Akaingia Handali jua linazama, juu ya pikapu,
vumbi mpaka kwenye kope.
"Ulifika saa ngapi?"
"Saa sita."

Akanitazama muda mrefu,
kisha akanisogezea debe, na kisu,
na kigoda cha Mama.

Nikaanza kumenya.
Kitunguu cha kwanza, Mlandizi.
Cha pili, Chalinze.