Saa Moja na Dakika Arobaini

Leo tena umewahi kuliko jua.
Toledo bado giza, theluji imeziba kizingiti,
birika halijapiga hata mluzi,
na simu ukutani inatetemeka kama mwenye homa.
Najua ni wewe.
Mwanangu hupiga Jumapili tu, tena akikumbuka.

"Bi Arlene Pruszynski?"
Unalitafuna jina la marehemu mume wangu
kama mfupa uliokukwama.
Leo unajiita Maddox. Jana ulikuwa Bwana Hale,
kwa sauti ileile, kwa kikohozi kilekile.

Kadi ile naikumbuka. Ilikuwa ya buluu,
ilikuja kwa posta, imebandikwa kwenye barua kwa gundi laini,
na barua ikiniita mteja mheshimiwa.
Ilininunulia meno ya chini.
Ilitengeneza tanuri, Januari ile mabomba yalipopasuka,
ikamvisha Curtis, mjukuu wangu, viatu vya theluji.
Sikatai. Kukopa kulikuwa harusi;
matanga nimeyakalia mwaka wa tisa huu
na hakuna aliyekuja kuyaanua.

Ila hesabu yako, kijana, imenishinda.
Mimi nilikwama kwenye elfu moja na mia tisa.
Wewe unataja elfu nne, mia sita na kumi na mbili.
Riba nimeisikia,
lakini hii imezaa, imelea, imeshaoza mabinti.

Juma lililopita ukampigia Dolores, nyumba ya pili,
ukamwambia nadaiwa.
Akaja na sufuria ya supu ya kabichi
na macho ya huruma.
Supu niliila.
Macho yake hayajanishuka mpaka leo.

Ndipo nikavaa makoti mawili, nikaenda maktaba.
Yupo pale binti mmoja, Yesenia, nywele za zambarau,
hakuniuliza nadaiwa na nani wala kiasi gani.
Alinichapia kurasa sita, senti kumi kila ukurasa,
nami nikazipitia kwa kioo cha kukuzia
kama mtu achambuaye mchele wenye mawe.

Basi tazama saa yako, Maddox au Hale.
Kabla ya saa mbili asubuhi huna ruhusa ya kunipigia,
na ikigonga saa tatu usiku, niache nilale.
Dolores si mdaiwa wako.
Na wale polisi ulionitishia nao Alhamisi,
nilikaa dirishani hadi jioni nikiwasubiri.
Kumbe deni la kadi halifungi mtu.

"Tuma dola ishirini tu, Bi Arlene,
za kuonyesha nia njema."

Ah. Hapo ndipo ulipotega.
Deni hili limezeeka;
mahakamani ni kibogoyo kuliko mimi.
Dola ishirini zangu ndizo zingeliotesha meno,
likaamka, likajikung'uta vumbi, likaja kubisha hodi.
Sifukui kaburi kwa pesa yangu mwenyewe.

Niandikie.
Nionyeshe nani aliyekuuzia jina langu,
kwa senti ngapi, katika furushi la majina mangapi,
na sahihi yangu iko wapi.

Ukakohoa. Ukakata.

Barua yangu nimeituma kwa rejista.
Risiti nimeitia kwenye kopo la vifungo,
pamoja na pete ya Walt na funguo nisizozijua.

Hii ni wiki ya tatu.
Saa moja na dakika arobaini naamka mwenyewe,
simu iko kimya ukutani, birika linapiga mluzi,
nami nasimama jikoni na soksi, nikisikiliza.

Kikohozi kile kilikuwa kinazidi.
Ungekuwa wangu ningekuchemshia kitunguu na asali.
Wewe unajua nilipozaliwa, ninapoishi,
tarakimu nne za mwisho za kila nilicho nacho.
Mimi hata jina lako silijui.